Mkwe wa Fundi Asajile na Matao ya Shule

Ukitoka Tukuyu mjini ukafuata njia ya Mpuguso, kabla migomba haijaanza kuibana barabara pande zote mbili, utaiona shule ya zamani mkono wako wa kulia. Huwezi kuikosa. Ni jengo refu la matofali ya kuchoma, msingi wake mawe meusi yaliyotolewa mtoni, na paa lake limesimama wima kama viganja vya mtu anayesali, maana kwetu mvua haipumziki na paa la kulala lingeoza mapema. Upande wa barabara lina baraza, na baraza hilo lina matao matano, matofali yake yamepangwa kwa ubavu kuzunguka tao kama meno mdomoni. Wageni husimama kuyatazama. Upande wa nyuma hakuna la kutazama: ukuta mnene, madirisha madogo, mlango mmoja wa pembeni, na kijia kinachoteremka hadi mtoni.

Chini ya kijia hicho ndiko alikoishi Tupokigwe, mjane wa Jacob, tangu siku alipoolewa. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne wakati ambapo msichana wa darasa la nne alitazamwa kama mtu aliyekwenda Ulaya akarudi, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Lakini kilichompa jina kijijini hakikuwa kisomo, kilikuwa kichwa chake. Watu wakigombania mpaka wa shamba, aliitwa Tupokigwe aseme mti wa mpaka ulisimama wapi kabla haujakatwa. Vijana wakitaka kuoana na wazazi wana wasiwasi wa udugu, aliulizwa Tupokigwe. Alijibu huku anaendelea kumenya ndizi zake, bila kusita, na akishajibu watu walichukua fimbo zao wakaenda nyumbani. Kauli yake haikurudishwa.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, miaka ile ya ruksa, alipoitwa shuleni kutoa ushahidi.

Ilikuwa miaka ya mambo kugeuka. Sukari iliyokuwa ikipangiwa foleni sasa ilijaa madukani, ila ni wewe na mfuko wako. Mitumba ilishuka kwa marobota. Kila mwenye ukuta ulioitazama barabara alitoboa dirisha akauza soda. Shule nayo, ambayo watu walizoea kuiona ni ya serikali na basi, ikaambiwa ijitafutie. Siku hiyo, Alhamisi, alikuja bwana mmoja kijana kutoka ofisini Tukuyu, jina lake Prosper, mtu wa mkoa mwingine aliyehamishiwa Rungwe mwaka huohuo na bado hajaizoea baridi. Pamoja naye alikuwepo Twalib, mfanyabiashara wa Bulyaga, muuza mabati na misumari, ambaye babu yake alifika Tukuyu kutoka pwani akiwa fundi cherehani. Wazee wa kijiji walikalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni.

"Shikamoo mama," Prosper alimwambia Tupokigwe.

"Marahaba mwanangu. Vaa sweta, utaugua."

Watu wakacheka. Prosper naye akacheka, kisha akaeleza shida yake. Kulikuwa na wafadhili waliokubali kulikarabati jengo la zamani, lakini walitaka lile la asili tu, lililojengwa na wananchi. Chochote kilichobandikwa baadaye hawakihesabu. Na baraza lile la matao lilikuwa limeisogelea barabara mno. Kama liliongezwa baadaye, basi libomolewe, na pale mbele zijengwe fremu za maduka, kodi iisaidie shule. Twalib alikuwa tayari kuzijenga. Kama baraza ni la asili, haliguswi, linatengenezwa pamoja na jengo.

"Sasa mimi nimeuliza watu, kila mmoja na lake," alisema Prosper. "Wakaniambia nikusubiri wewe."

Tupokigwe aliweka sawa kanga begani. "Walikuambia vizuri. Jengo hili lilianza kabla ya vita vya Hitler. Mimi nilikuwa bibi harusi, hata mwaka sijamaliza. Wanawake tulipandisha maji ya kukandia udongo kutoka mtoni, mitungi kichwani. Ukuta huu nimeuona unapanda kutoka kwenye mawe hadi kwenye nyasi za paa. Matao hayakuwepo. Matao yalikuja na mabati."

"Tupokigwe," akadakia mzee Meshaki, aliyekuwa ameketi nyuma. Huyu ujana wake wote aliumalizia kwenye tanuri la matofali. "Matao yalikuwepo tangu nyasi. Mimi matofali yake nimeyachoma kwa mkono wangu."

"Wewe, Meshaki, ulichoma matofali ya wilaya nzima. Utajuaje lipi lilikwenda wapi?"

"Nayajua."

"Hata mkeo wa kwanza uliwahi kumsahau sokoni ukarudi peke yako."

Madawati yakatetemeka kwa kicheko. Meshaki akanyamaza, si kwa kushindwa, ila hakuna mwanamume aliyewahi kushindana maneno na Tupokigwe akatoka mzima. Prosper akaandika alichoandika, akasema basi, kazi ya kubomoa itaanza Jumatatu. Twalib akamshukuru Tupokigwe kwa adabu, akamwambia mama Mungu akuzidishie umri.

Watu walipotawanyika, Meshaki alimsubiri kwenye ncha ya baraza. "Njoo uone kitu, shemeji. Sikugombezi. Njoo tu."

Akamwonyesha mahali ambapo nguzo ya tao la kwanza iliungana na ukuta wa darasa. Ukuta uliobandikwa baadaye, alisema, huacha mstari, unaweza hata kupitisha ukucha. Hapa hapakuwa na mstari. Tofali moja la nguzo liliingia ukutani, la ukutani likaingia kwenye nguzo, hivyohivyo hadi juu, kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana.

Tupokigwe alipitisha ukucha. Haukupata pa kuingia.

"Labda walibomoa kidogo wakaunganisha," alisema.

"Labda," alijibu Meshaki, akashika njia yake.

Ni jibu hilo lililomharibia Tupokigwe siku. Angebishana naye angelala vizuri. Alifika nyumbani, mkwe wake Jenifer akamwekea mbalaga ya moto, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, naye akaitazama mpaka ikapoa. Alijaribu kuurudia ule mwaka wa ujenzi. Maji aliyaona. Udongo aliuona, mwekundu, unakanyagwa na wanaume waliokunja nguo mapajani. Ukuta aliuona, na madirisha madogo yakiwa bado mashimo matupu, na moshi wa tanuri la Meshaki ng'ambo ya mto. Sauti za mafundi alizisikia, lakini zilitoka upande wa pili wa ukuta. Akajaribu kuzunguka huko kwa mawazo, aione sura ya mbele ya jengo lile likiwa na nyasi. Hakuona kitu. Si kwamba aliona ukuta usio na matao. Hakuona ukuta, wala mlango, wala watu.

Akarudia tena. Hakuna.

"Mama, huli?" Jenifer aliuliza.

"Jenifer, wewe unakumbuka nyumba ya baba yako upande wa mbele?"

"Naikumbuka."

"Yote?"

"Mama, unaumwa?"

Hakuumwa, lakini aliogopa. Mama yake mzazi uzeeni alianza hivihivi: siku moja alisahau jina la mto, siku nyingine akamwita Tupokigwe kwa jina la shangazi, mwishowe akawa anawauliza wanawe wao ni wageni wa nani. Tupokigwe alimwuguza hadi mwisho na aliijua kila hatua ya hali ile. Na sasa jambo alilolisema mbele ya kijiji kizima, kwa sauti ya kujiamini, alipolitafuta kichwani halikuwa na kitu nyuma yake. Alikuwa na uhakika, na hakujua uhakika huo ulitoka wapi. Matao yalikuja na mabati: hilo aliliona wazi kabisa, mabati mapya yanameremeta na matao chini yake, na yeye amesimama barabarani anashangaa. Picha hiyo haikuwa ya uongo. Basi Meshaki alisemaje yalikuwepo kabla? Na tofali liliingiaje ukutani?

Alijaribu njia nyingine. Labda kulikuwa na majengo mawili. Labda lile alilolibebea maji liliungua, likajengwa jingine. Akalikataa hilo mwenyewe, angekumbuka moto. Halafu akajiuliza kama kweli angeukumbuka.

Jumapili, baada ya kanisa, alimtafuta Elina. Elina alikuwa wa rika lake, mzaliwa wa pale pale kijijini, ila aliolewa Lufingo na alikuwa amekuja kwa kaka yake kusalimia. Mwaka wa ujenzi walipandisha maji pamoja. Tupokigwe hakumweleza hofu yake. Alimwuliza kama watu wanavyoulizana habari za zamani, kijuujuu.

"Matao?" Elina alisema. "Mimi nilikuwa napumzika chini yake. Wanaume wako juu wanapanga, sisi tumetua mitungi tunangoja imwagwe. Kulikuwa na mbao zimepindwa kama upinde, wanapanga matofali juu ya mbao, halafu wakizitoa mbao sisi tunakimbia, tunadhani yataanguka."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Elina akafikiri. "Sikumbuki. Ulikuwepo. Ulikuwa ukimwaga maji yako pale nyuma kwenye udongo."

"Kila siku?"

"Nitajuaje, mwenzangu? Ni miaka hamsini na kitu."

"Twende tukatazame," Tupokigwe alisema. Alikuwa amesimama tayari.

Kutoka kwa kaka yake Elina hadi shuleni ni kufuata barabara tu, imenyooka. Tupokigwe alitangulia. Walipokaribia mparachichi ulio kando ya barabara, alikata kushoto, akaingia kwenye migomba, akawa anashuka kwenye matope ya mvua ya asubuhi, kanga ameinua, anashika mashina ya migomba asiteleze.

"Unakwenda wapi?" Elina aliuliza akiwa bado barabarani.

"Shuleni."

"Shule si hiyo hapo? Mita chache tu."

"Huku ni karibu."

"Karibu kwa nani? Ni karibu ukitoka kwako. Leo tumetoka juu. Unazunguka mto mzima ili uje utokee nyuma, na mimi na magoti haya."

Tupokigwe alisimama kwenye matope. Alitazama barabara, kavu, imeinuka vizuri, na Elina amesimama juu yake na viatu vyake vya kanisani. Akajitazama yeye. Hakujua kwa nini amekata kona pale. Miguu ilikata yenyewe. Na sasa alipowaza, aliona kwamba siku zote hukata pale: akienda kliniki, akitoka sokoni, hata siku ya kikao Prosper alipomsubiri, alipanda kutoka nyumbani kwa nyuma akaingilia mlango wa pembeni.

"Unamkwepa nani?" Elina aliuliza kwa utani. "Baba mkwe wako amekufa zamani."

Kwa vijana wanaosoma leo, ni lazima kueleza. Kwetu, zamani, mke hakukutana na baba mkwe wake. Hakumwangalia usoni, hakupita njia anayopita, hakuwa chumba kimoja naye. Akisikia kikohozi chake, aliingia porini akageuza mgongo mpaka apite. Haikuwa chuki, ilikuwa ni kumcha. Wazee waliiita ukutila. Wakristo wengi waliiacha, na Jenifer kwa mfano alikuwa akimpakulia Jacob chakula na kumtania mezani, Mungu amweke pema. Lakini baba yake Jacob hakuiacha. Naye alikuwa Fundi Asajile, mkuu wa mafundi wa shule ile, mtu aliyejifunza kujenga matao kwa wamisionari na hakuruhusu mwingine ayaguse. Wakati wa ujenzi alishinda juu ya jukwaa upande wa mbele. Jengo lilipokwisha alipewa kulitunza, akajijengea nyumba ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na matao yake, na kila siku ya Mungu alikaa kwenye kigoda akiyatazama, mpaka kifo chake. Kipande kile cha barabara kikawa si njia ya wakwe zake.

Tupokigwe alisimama pale mpaka Elina akateremka kumfuata, viatu vya kanisani na vyote.

"Siku ya kumzika," Tupokigwe alisema polepole, "ndiyo siku ya kwanza nilipita barabara ile. Tulipita wakwe wote. Nikainua macho."

"Na mwaka ule walikuwa wamebandua nyasi," alisema Elina. "Wameweka mabati."

"Yalikuwa yanameremeta."

"Basi ukadhani vyote ni vipya."

 Ungedhani Tupokigwe angefurahi, maana kichwa chake kilikuwa kizima. Lakini alizidi kuvurugika. Miaka yote aliyoishi alijihesabu kuwa aliona kila kitu, na kumbe kulikuwa na upande mzima wa dunia, mita chache kutoka mlangoni kwake, ambao hakuwahi kuuona ukijengwa. Na mtu ambaye alimheshimu hadi akageuza uso, kazi ya mikono yake ndiyo aliyoitolea kauli ivunjwe. Kesho ni Jumatatu.

Asubuhi yake alitangulia kufika. Alipita barabarani. Elina alikuwa naye na anasema alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Vijana wa Twalib walikuwa wameshafika na nyundo kubwa, na matofali kadhaa ya ukingo wa baraza yalikuwa chini. Tupokigwe akaenda akakaa juu ya ukingo, chini ya tao la kwanza, akasema hatoki mpaka Bwana Prosper aje.

Prosper alifika na sweta. Twalib alikuwa nyuma yake.

"Mwanangu, futa nilichokuambia," Tupokigwe alisema. "Matao ni ya tangu mwanzo. Meshaki alisema kweli."

Prosper alimtazama, akamtazama Twalib, akarudi kwake. "Mama, Alhamisi ulisema umeona kwa macho yako."

"Sikuona kwa macho yangu. Ndiyo maana nilisema hayakuwepo."

"Sijaelewa."

"Hata mimi sijaelewa vizuri, lakini ndivyo ilivyo. Yalikuwepo siku zote, ila mimi niliyaona baada ya mzee kufa."

"Mzee gani?"

Hapo ikawa kazi. Akimweleza habari ya baba mkwe, Prosper aliuliza kama walikuwa na ugomvi. Akimwambia hapana, ilikuwa heshima, akauliza heshima gani inayomzuia mtu kuona jengo. Elina akaingilia, akaharibu zaidi. Meshaki, ambaye alikuwa amekuja kutazama kazi yake ikivunjwa, ndiye aliyeelewa mara moja. Alipiga goti lake kwa kiganja, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Nimekuwa nikijiuliza tangu Alhamisi," alisema. "Nikasema, mwanamke huyu hajakosea hata siku moja. Kumbe wewe ni mkwe wa Asajile. Nilisahau kabisa."

"Bwana Prosper," Twalib alisema, "mimi marehemu bibi yangu hakuwahi kula mbele ya mkwewe wa kiume. Mambo haya yapo. Huyu mama hadanganyi."

"Na fremu zako je?"

Twalib alivuta kofia yake, akatazama pembeni ya shule, kwenye shamba la mihogo la walimu. "Pale pana upana. Ila mtanipa miezi ya kwanza bila kodi, nimeshalipa vijana."

Wakaanza kujadiliana hilo, na kama unavyojua wafanyabiashara, halikuisha mapema. Vijana waliambiwa warudishe matofali ya ukingo mahali pake. Waliyarudisha, lakini ukitazama leo utaona yamekaa upande.

Prosper alirudi kwa Tupokigwe na kalamu yake. Alikuwa mtu mwema, alitaka kumstahi. Akamwambia wafadhili wangependa kuandikiwa historia ya jengo, lilivyojengwa tangu mwanzo, na yeye haoni mwingine wa kumwuliza ila yeye.

 Tupokigwe alitazama juu, matofali ya tao yanavyokutana kichwani pake, lile la katikati limebanwa na yote, na ilionekana kana kwamba anayahesabu kisha anapoteza hesabu.

"Ya huku mbele mwulize Elina," alisema. "Au Meshaki. Mimi ya huku siyajui, ndiyo nayaona." Akajifunga kanga kiunoni. "Ya nyuma nitakupa. Njoo tuzunguke. Kuna dirisha moja lilijengwa mara mbili, na hakuna hapa anayejua kwa nini."

Akaongoza, Prosper akamfuata kwenye matope na viatu vyake vya ofisi, Elina nyuma yao. Walipofika kwenye dirisha lile, Tupokigwe aliweka kiganja ukutani, akafungua mdomo aanze. Kisha akageuka kumtazama Elina.

"Lilikuwa hili," alimwuliza, "au lile la pili?"